Mama Alipoipigia Kura Linux

Mama yetu hana kompyuta. Ana simu ya vitufe, na hata hiyo huizima akilala mchana ili nayo ipumzike. Kwa hiyo kampuni inayotengeneza ile programu maarufu ya kuhariri nyaraka ilipomwandikia kwamba ingependa kuzungumza naye, yeye kama mtumiaji wa Linux, kuhusu mahitaji yake ya kikazi, aliyeshikwa na homa hakuwa Mama. Alikuwa dada yangu.

Dada ni mhariri wa vitabu vya shule. Nyumbani tunamwita Pengwini, kwa sababu laptop yake ina kibandiko cha ndege huyo, ambaye ni alama ya Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na akianza kuisifu Linux yake hakuna pa kukimbilia. Lakini tusidanganyane, hakuifuata kwa imani. Laptop ilikuwa imezeeka. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inajikongoja. Fundi akamwekea Linux, ikafufuka. Tangu siku hiyo kila mwenye kompyuta nzito alihubiriwa mpaka akachoka.

Shida ikawa kazini. Wachapishaji humletea miswada iliyoandikwa kwa programu ya ile kampuni, na programu hiyo haina toleo la Linux. Programu ya bure aliyonayo huifungua miswada hiyo, lakini majedwali yanahama na maoni ya pembeni yanaachana na mistari yake. Kitabu kimoja cha hesabu kilirudi kwa mchapishaji majibu ya sura moja yamekaa chini ya maswali ya sura nyingine. Ikabidi awe anamalizia kila kazi kwenye duka la steshenari, kwenye kompyuta ya kukodi, huku watu wanaosubiri kutoa kopi wakimsomea kazi yake begani. Alikuwa akirudi kutoka huko amenuna, hasemeki. Kisha mchapishaji akamwambia kwamba makosa yale yakitokea tena, atatafuta mhariri mwingine. Hapo maji yakamfika shingoni.

Kampuni ile ina ukurasa ambapo watu huomba wanachotaka na wengine hupiga kura. Kulikuwa na ombi la toleo halisi la Linux, la kusakinisha kwenye kompyuta yenyewe, si la kufungulia kwenye intaneti, lakini kura zake zilikuwa zimelala. Dada akalivalia njuga. Alifanya kile ambacho ukoo wetu hufanya mtu akitaka kuoa, akifiwa au akigombea uenyekiti: alituchangisha. Safari hii tulichanga barua pepe. Asiyekuwa nayo alifunguliwa. Shangazi alipiga kura. Mjomba mwenye lori alipiga kura akiwa anashusha mchanga. Mimi ni fundi friji, na kwenye kisanduku cha kazi nikaandikwa mwanasheria. Mama aliandikwa mtafiti.

"Haba na haba hujaza kibaba," Dada alikuwa akituambia, na sisi tulicheka tukaendelea kubonyeza.

Kibaba kikajaa kweli. Ombi likapanda, kampuni ikaliona, ikatangaza kwamba kabla ya kuamua lolote itazungumza kwa video na wapigakura wachache watakaochaguliwa kwa bahati nasibu. Bahati ikamwangukia Mama.

"Kwani ni lazima azungumze nao?" nilimwuliza Dada.

"Asipotokea watashtuka. Wakishtuka wataanza kukagua na wengine."

"Si uzungumze nao wewe mwenyewe, uwaambie shida yako?" Mama akasema. "Mficha uchi hazai."

"Mama, mimi hawajanichagua. Nikijitokeza watajua kura zote hizi zimepikwa na mimi."

Mama alikuwa mkunga mpaka alipostaafu. Wodini alijulikana kwa jambo moja, kwamba hakuwahi kumwambia mwanamke haitauma. Akisema bado, ni bado. Mtu huyo ndiye Dada aliyemkalisha sebuleni asubuhi, mbele ya laptop, akamfundisha kusema "majedwali yanahama" na "maoni yanapotea". Mama alirudia maneno hayo taratibu, kama anayemeza dawa chungu. Mimi nilikuwa pale pale, friji ya jirani imesimama katikati ya sebule nimeifungua mgongo, na ningeweza kusema neno. Sikusema. Niliendelea kukaza skrubu ambayo ilishakaza.

"Ukikwama nitazame mimi," Dada alimwambia, kisha akaenda kujibanza nyuma ya friji ili kamera isimwone. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Dada yangu alichutama kabla hajavuliwa.

Aliyetokea kwenye kioo alikuwa binti mdogo, mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa kukusumbua. Naona hapa wewe ni mtafiti."

Mama akafikiri. "Nimefanya kazi na watu wengi," akajibu.

"Hongera. Sasa, programu yetu ikija kwenye Linux, itakusaidia nini hasa?"

"Majedwali yanahama."

"Yanahama vipi, Mama?"

Mama akatupa jicho kwenye friji. Dada akapunga mikono, huku na huku, kuonyesha yanavyohama. Mama naye akainua mikono yake mbele ya kamera, akapunga vile vile, huku na huku. Masikio yangu yaliwaka moto. Mikono ile imepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, na sisi tulikuwa tumeigeuza mchezo.

Binti hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mama, ngoja nikwambie ukweli," alisema. "Nimeshaongea na wengine kabla yako. Mmoja alinipokea akiwa anaendesha lori, akaniuliza Linux ni dawa ya nini."

Nikajua ni Mjomba, na kwamba aliona haya kutuambia.

"Wakubwa wangu wanataka kulifunga hili ombi. Wanasema hakuna mtu anayelihitaji kweli. Mimi nyumbani natumia Linux, natamani lipite. Sihitaji kura nyingi. Nikimpata mtu mmoja tu ambaye kazi yake inaharibika, akanionyesha faili lake, nitakuwa na cha kupeleka kwenye kikao. Unamjua mtu wa namna hiyo?"

Faili lililoharibika lilikuwa ndani ya laptop ile ile iliyokuwa mbele ya Mama, na mwenyewe alikuwa hatua chache tu kutoka pale, amekumbatia magoti.

Mama aligeuka waziwazi, bila kujali kamera, akamtazama Dada. Lilikuwa jicho lake la wodini, lile la kumwambia mzazi kwamba wakati umefika, asukume. Dada akatikisa kichwa. Mama akazidi kumkazia jicho. Dada akatikisa tena, machozi yakimtoka, akaweka kidole mdomoni.

"Mama? Bado upo?"

"Nipo, mwanangu." Mama akashusha pumzi. "Hapana. Hapa kwetu hakuna mtu kama huyo. Mimi ni mzee tu, nilibonyeza bila kujua ninachobonyeza. Mnisamehe kwa kuwapotezea muda."

"Usijali, Mama," binti akasema, na sauti yake ilikuwa imeishiwa nguvu. Akamtakia siku njema, akakata.

Dada akatoka nyuma ya friji, vumbi limemjaa kwenye magoti.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Huyo mtu anayemtafuta ni mimi."

"Mimi najua," Mama akajibu. "Ni yeye ndiye hakujua."

Akaniomba nimpe mkono ainuke. Alimpita Dada pale aliposimama na hakumtazama usoni, wala mimi hakunitazama. Nilidhani ametukasirikia, nikamfuata hadi mlangoni kumwomba radhi. Hakuwa na hasira. Alikuwa amefunika uso kwa kanga, anaona aibu kwa alichokisema.