Kitunga cha Meno Kumi na Moja

Weye unayenisikiliza, umeshaona kosa la mwenzako na roho yako ikafurahi? Usinijibu. Minye nitakuambia la kwangu, la mwaka wa hamsini na nne, pamba ilipozaa sana katika bonde la Ruzizi. Nilikuwa na miaka ishirini na nane na watoto watatu.

Siku hizo sisi bamama washonaji wa vitunga tulikuwa na Nyamirongo. Jumapili tulikwenda misa, tumefunga vikwembe vizuri, na Padri hakutuuliza mambo ya Alhamisi. Alhamisi ilikuwa ya Nyamirongo, Mama wa Mistari. Wazee walisema ndiye aliyeamuru maji yakae ziwani na watu wakae nchi kavu, na kila shamba liwe na mpaka wake. Alipomaliza aliketi chini akashona kitunga cha kwanza, ili watu wauone utaratibu kwa macho. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya majani, mlango wa kuinama, kando ya njia ya kupanda Lemera. Ndani hamkuwa na sanamu. Mlikuwa na mkeka, na juu ya mkeka sindano yake ya chuma, mpini wake wa mti umelainika kwa mikono ya wanawake waliokufa zamani.

Mlinzi wa sindano alikuwa mama yangu, Bernardine. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, akatuambia kwamba baada ya mavuno yale sindano itakwenda kwa mwingine. Kila mmoja ashone kitunga kimoja, na Nyamirongo mwenyewe ataangalia.

Kuangalia kwake kulikuwa hivi. Jioni tulipanga vitunga kwenye mkeka, mlango ukafungwa kwa kamba. Asubuhi tukifungua, kitunga chenye kosa tulikikuta kimefumuliwa kutoka mdomoni mpaka penye kosa, ukindu umelazwa chini umenyooka, mweusi peke yake, mweupe peke yake. Hakuna muntu aliyeingia. Tulizoea. Aliyefumuliwa alicheka na aibu yake, akarudi kushona.

Na Nyamirongo alikuwa na sheria. Usishone ukiwa na hasira. Usikate ukindu kwa meno. Na ya tatu: ukiona kosa la mwenzako, mwambie kabla hajafunga mdomo wa kitunga, maana mdomo ukishafungwa hakuna wa kusema tena.

Nilijua sindano ni yangu. Nilianza kushona nikiwa na miaka saba, kwenye magoti ya mlinzi mwenyewe. Halafu Eugène, jirani yetu, akaoa mke huko milimani, akamteremsha kwetu. Jina lake Gloriose. Siwezi kudanganya, mkono wake ulikuwa mwepesi. Alishona akiimba, mtoto mgongoni, na mistari yake ilikaa kama imepigwa kwa kamba. Mama alipitisha kidole juu ya kazi yake, akawaambia watu, "Mwanangu Gloriose anashona kama maji yanavyotelemka." Mwanangu. Kazi yangu pia aliipitishia kidole, kisha akasema, haya, weka pale. Miaka ishirini na moja, haya, weka pale.

Wanasema wivu ni moto. Wangu haukuwa moto, ulikuwa mfupa wa samaki mukeke uliokwama kooni: unakula, unaongea, unacheka, na wenyewe uko pale. Mama akimpelekea Gloriose mboga ya sombe, alimpakulia katika sahani ya maua, ile niliyokatazwa kuigusa nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba yangu kuangalia kama ile sahani imerudi.

Alhamisi ya mwisho kabla ya kupanga vitunga, tulikaa kwenye kivuli cha jiko la Mama, minye na Gloriose. Mama alikuwa ndani amelala kidogo. Gloriose aliweka kitunga chake magotini apumzishe vidole, na minye nikaona meno, yale mapambo ya pembe tatu. Lazima kila kitunga cha Nyamirongo kizungukwe na meno meusi kumi na mawili. Nilihesabu kutoka kwenye fundo: kumi na moja. Mtoto wake alikuwa anaota meno ya kweli, Gloriose hakuwa amelala siku tatu, akaruka jino moja, na mengine yakatanuka hata jicho likapita bila kujikwaa. Nilihesabu tena, polepole, kama muntu anayelamba asali. Mkono wangu ulikuwa katikati ya mstari wa kumi na nane wa kitunga changu. Ukindu wa zamani ulikuwa umeisha, ndiyo kwanza nilikuwa naingiza mpya, ule niliouchemsha mara mbili ndani ya tope, mweusi zaidi.

Akaniuliza mwenyewe. "Dada Libérate, unaona namna gani? Meno iko sawa?"

"Iko sawa," nikamwambia. "Funga tu."

Akanishukuru. Jioni akafunga mdomo. Kesho yake tukapeleka vitunga, na usiku ule nililala vizuri, sikufichi.

Asubuhi Mama alifungua kamba. Kabla ya chochote nilitafuta kitunga cha Gloriose. Kilikuwa kimesimama, kizima, na meno yake kumi na moja. Cha mwenzetu Marie-Rose kimesimama. Halafu nikauona ukindu umelazwa kwenye mkeka, umenyooka, na kando yake kitunga changu kama bakuli lililovunjika mdomo.

Marie-Rose, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alisema taratibu kwamba eh, Libérate, hata weye? Wakakizungusha, wakatafuta kosa, hawakuona. Gloriose alipiga magoti akawa ananikusanyia ukindu, anasema bila shaka Nyamirongo amechanganya. Hapo ndipo nilipoona kilipoishia kufumuliwa: katikati ya mstari wa kumi na nane, pale pale weusi ulipobadilika.

Mama akashika changu, akakipapasa. Akashika cha Gloriose, kidole chake kikapita kwenye meno, kikazunguka, kikarudi, kikazunguka tena.

"Hapa iko meno kumi na moja," akasema. Gloriose akashika kinywa. Mama akaendelea: "Kosa la mwenzako ukiliona ukalificha, linahama. Linakuja kukaa kwako."

Mama akaniuliza kama Gloriose aliniuliza habari ya meno. Nikasema aliniuliza. Akaniuliza nilijibu nini, nikalisema hilo nalo, mbele ya wote. Gloriose aliweka ukindu wangu chini, akachukua mtoto wake, akatoka bila kuniangalia.

Sindano akapewa Marie-Rose, maana kitunga chake hakikuwa na kosa. Alipangusa mikono kwenye kikwembe mara tatu kabla ya kuipokea. Bamama wakatoka mmoja mmoja, wakiinama mlangoni.

Tukabaki wawili. Mama alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, uso ameuelekeza kwangu ingawa sijui aliona nini.

"Ile sindano uliitaka hivyo?" akauliza.

Nilifungua kinywa niseme ndiyo. Mfupa ukatikisika kooni.

"Hapana, Mama. Nilitaka siku moja ushike kazi yangu mbele ya watu, useme: huyu ni mwanangu, anajua kushona."