Hapa Hatuoshi Mawe

Wanawake wanaoosha madini mtoni, chini ya mashimo ya mgodi wa Mashamba, wana desturi moja: mgeni akija na kalamu, mwambie wewe ni mkulima. Walijifunza hivyo kwa machungu. Mwaka juzi walimjibu mgeni mmoja ukweli mtupu, na haukupita muda polisi wakaja kumwaga mawe yao na kuufunga mto. Tangu hapo, kalamu ikionekana tu, mabeseni yanaingia majanini na majembe yanatoka.

Kwa hiyo wakili Laure alipofika, Henriette, kiongozi wao, alijibu kwa niaba ya wote bila kupepesa macho.

"Siye hatuoshake mawe, Maître. Tunalimaka tu muhogo."

Laure, maskini, alieleza mpaka koo likamkauka. Ng'ambo, kampuni mbili zinagombana: moja inasema nyingine imeiba ufundi wake wa kutengeneza betri. Tume ya huko ikiona ni kweli, inaweza kuzuia betri hizo zisiingie nchini mwao. Lakini kabla ya kuamua inauliza watu: tukizuia, nani ataumia? Wanawake waliitikia kwa vichwa, wakamsifia kitambaa chake, wakampa na muhogo, walioununua sokoni. Alipoondoka walicheka mpaka wakashikana mabega.

Kicheko kilikatikia kwenye depo ya mawe. Stany, anayenunua mawe yao, alisema mzigo wake wote unaishia kwenye betri hizohizo. Zikizuiwa, anafunga depo na kurudi kwao Lubudi.

"Nasikia ule avoka alifika kwenu," alisema. "Mulimwambia nini?"

Henriette aligeuka, akatoka. Mto ule ndio uliomlisha tangu mumewe afukiwe shimoni, na ndio unaomsomesha binti yake, Shekina. Sasa watu wa ng'ambo wataambiwa kwamba huku hakuna wa kuumia, na aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Aliona aibu, akaona na hasira.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Laure, nyuma ya parokia, kitenge chake bado kina tope.

"Maître, nilikudanganya. Tunaoshaka mawe. Siye bote."

Laure alishusha pumzi. Barua yake kwa tume, kwamba mtoni hakuna wa kuumia, ilikwisha kwenda. Angeweza kutuma nyingine, maana tume inapokea maoni mpaka leo jioni, lakini lazima iwe na jina la kweli, na yeyote atakayetaka ataweza kulisoma, hata polisi wa hapa. Tena hakutaka kumficha: tume ile huwafikiria kwanza watu wa nchi yake.

"Weye batakuwaza nyuma, mama. Pengine hata hapana."

Henriette aliogopa, na si kidogo. Akilini aliwaona polisi wakipiga mabeseni mateke, akawaona wenzake wakimwita msaliti. Lakini kuficha alikwisha kuficha, na kulikuwa kumemfikisha hapa.

"Andika jina yangu peke. Ya benzangu hapana."

"Na kazi?"

Kwenye kadi yake ya kura ni mkulima. Hata parokiani ni mkulima, mwanamke ambaye hajawahi kulima hata tuta moja.

"Ninaoshaka mawe," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Depo ikifunga, mi sina kitu. Andika na ile."

Laure aliandika, akatuma. Henriette akauliza kama watamjibu. Hapana, alisema Laure, wao husoma tu.

"Basi basome," alisema Henriette, akaanza kulia.