Mkaguzi wa Programu Zisizokoma

Ijumaa ile, wakati wanafunzi wenzake wa mwaka wa mwisho wakipongezana kwa miradi waliyoimaliza, kijana aliyeitwa Fundi alikuwa ameketi maabara akiitazama kazi yake ikimuumbua. Jina hilo alipewa na wenzake, wala halikuwa la dhihaka. Programu ya mtu ikigoma, aliitwa yeye. Aliisoma, akakuna kidevu, akaweka kidole penye donda. Kilichomshinda ni nadharia. Aliiona kama ngano za mashine zisizokuwapo, zenye utepe usio na mwisho, na somo hilo lilikuwa limekwisha kumrudisha mwaka. Mara ya pili alilipita kwa kukariri. Sheria ya chuo haikuwa na huruma: mwanafunzi hurudia mara moja tu. Jumatatu angesimama mbele ya jopo na mradi wake. Akianguka, jina lake lingefutwa.

Mradi wenyewe aliubatiza Mkaguzi. Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kusoma programu yoyote na kusema, kabla haijaendeshwa, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Wazo lilimjia kwa kuwaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakizikodolea macho kompyuta zilizoganda, wasijue wangoje au wazime. Msimamizi wake, mhadhiri aliyewahi kuandika programu za makampuni na asiyependa maneno mengi, aliidhinisha palepale. Tangu hapo Fundi hakupumzika. Aliongeza kanuni juu ya kanuni: ikionekana hivi, itakoma; ikionekana vile, haitakoma. Kila kanuni ilifichua tundu jipya, naye akaliziba, kama mtu anayeziba pakacha ili lishike maji.

Aliyeyafichua matundu hayo alikuwa jirani yake wa dawati, kijana mcheshi waliyemwita Mtundu. Ijumaa hiyo alileta programu ya mistari michache. Ilichukua namba: ikigawanyika kwa mbili, iliigawa; isipogawanyika, iliizidisha kwa tatu na kuongeza moja; ikarudia hivyo hadi kuipata moja. Mkaguzi aliimeza, akanyamaza. Wakangoja. Watu waliingia na kutoka, kiyoyozi kikanguruma, Mkaguzi kimya. Ndipo ilipobainika kwamba mkaguzi wa programu zisizokoma alikuwa hakomi mwenyewe.

"Mganga hajigangi," Mtundu akasema huku akicheka. Alipouona uso wa mwenzake, kicheko kikamkauka. "Hii hata wanahisabati wakubwa hawajui kama inakoma kwa kila namba. Nilidhani unajua, kaka. Nenda kwa Bibi Chaki."

Bibi Chaki alikuwa mhadhiri wa nadharia, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kufundisha kwa chombo kingine. Alikuwa pia mmoja wa watu watatu wa jopo, pamoja na msimamizi. Fundi alimkuta ofisini akamweleza shida yake, akiamini kwamba ipo kanuni moja tu aliyoikosa. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampa kipande cha chaki na kumwomba aandike ubaoni ithibati aliyoiandika katika mtihani wake wa mwisho wa somo lile, ile iliyompa alama zote.

Aliiandika bila kusita, kama mtoto anayeghani shairi la shule. Tuseme ipo mashine M, inayoweza kusema kwa uhakika kama mashine yoyote itakoma. Tuunde mashine K, inayomuuliza M habari za K mwenyewe, kisha kutenda kinyume: ikiambiwa itakoma, inazunguka milele; ikiambiwa haitakoma, inakoma. Kwa hiyo M amekosea. Kwa hiyo M hawezi kuwapo.

"Vizuri," Bibi Chaki akasema. "Sasa futa M, uandike jina la mradi wako."

Alifuta. Aliandika herufi mbili za kwanza, akaacha, akarudi juu ya ubao. Alisoma mstari kwa mstari, na kila mstari ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake. Kumbe alikuwa ameuthibitisha ubatili wa kazi yake kabla ya kuianza, akapewa alama zote, na asijue.

"Mwalimu, mimi nilidhani haya ni mambo ya mashine za kwenye karatasi."

"Wengi hudhani hivyo. Nami sikuwahi kuwauliza."

Msimamizi, Fundi alipomweleza, hakushtuka. Alimwambia jopo linapenda kuona kitu kinatembea: achague mifano ambayo Mkaguzi anaijibu sawasawa, aionyeshe, ashuke jukwaani. Hata gari, alisema, huuzwa bila mnunuzi kupandishwa milima yote. Fundi alitoka pale akiwa hana la kushika. Akificha, Bibi Chaki anajua. Akisema, mradi umekufa.

Nyumbani, katika chumba alichoishi na dada yake mshonaji, shati lake la Jumatatu lilikuwa limekwisha kupigwa pasi. Dada alimtazama akila bila kutafuna, akataka kujua kulikoni.

"Ile kazi yangu ina kasoro, dada."

"Basi irekebishe. Si ndiyo ufundi wako?"

"Hairekebishiki."

"Kila kitu hurekebishika, mdogo wangu. Lala kwanza."

Alitamani kumweleza, lakini aanzie wapi, aishie wapi? Jumapili nzima alishinda na kompyuta. Alimwongezea Mkaguzi jibu la tatu: akipekua kwa muda na asipate, aseme "sijui". Lilikuwa jibu dogo, la kweli, na kila alipolitazama alihisi kama mtu anayeshona kiraka kwenye nguo iliyokwisha kuungua.

Mbele ya jopo alisema yote. Aliandika ithibati ubaoni, akakiri kwamba mradi wenye neno "yoyote" katika lengo lake hauwezekani, akaonyesha kile kilichowezekana. Mtu wa tatu wa jopo, mgeni kutoka kampuni fulani, aliuliza ni nani atakayemwajiri mkaguzi wa kusema sijui. Msimamizi alitazama dirishani.

Bibi Chaki ndiye aliyeuliza la mwisho. "Pale asiposema sijui, anaposema programu haitakoma, una hakika gani?"

Fundi alizipitia kanuni zake akilini, moja baada ya moja: nyingi alizitunga kwa kuonja, kwa mazoea, kwa kuwa jana zilifaulu. Hakuna hata moja aliyowahi kuithibitisha.

"Sina, mwalimu. Nakisia."

Alisubiri kwenye korido, mgongo ukutani. Bibi Chaki alitoka peke yake. Msimamizi, alisema, alitaka apite; mgeni alikataa; kura ya kukata shauri ilikuwa yake.

"Nimekuangusha mimi. Ungesema sijui kila ulipokuwa hujui, ningekupitisha, na lengo la mradi tungelipunguza. Lakini umewapa watu makisio ukayaita majibu."

Fundi alitaka kumchukia, chuki ikakosa pa kushika. Alichosema mama yule kilikuwa sahihi hatua kwa hatua. Aliomba ruhusa ya kutumia maabara hadi mchana. Akafuta kanuni zote zilizosimama juu ya makisio. Mkaguzi aliyebaki alikuwa mfupi, bubu karibu kwa kila kitu. Hakuna aliyemwagiza Fundi kazi hiyo, wala hapakuwa na wa kukabidhiwa.

Simu ya dada ilipoita, aliiacha ikaita, kisha akaipokea. Alimwambia kwa sauti ya chini, bila kupamba: wamenifuta.

"Nani atamwambia mama?" dada akauliza. "Wewe au mimi?"

"Mimi," akasema. "Nipe namba yake mpya."

Dada akaitaja polepole, naye akaiandika kiganjani.