Mchele Uliochambuliwa Mara Nne

...na hiki tena, kijiwe chekundu, nilikitoa asubuhi, nakijua, kina ncha kama jino la mtoto, nilikitia kwenye kisosi na wenzake kumi na mmoja, sasa kimerudije kwenye sinia, vijiwe havina miguu, kuna mkono hapa, nilikwenda kutawadha tu, na kisosi chenyewe hakipo, nani kakiondoa kama si Dija, mke wa mwanangu, ndiye anayepitapita hapa uani na lile tabasamu lake, "Mama, pumzika kidogo," nipumzike, wageni wanatoka Kaole kumposa Nasrin wangu na mchele haujatakata, eti nipumzike, niliwahi kumwachia vitunguu akakata vingine vinene vingine vyembamba, nikavitupa vyote nikaanza upya, akalia, nami nilitaka vilingane tu... mbona wananong'ona huko, mlango wa jikoni umerudishwa, na mlango ule haurudishwi mchana, ndiyo sheria ya nyumba hii, "usimwambie," sauti ya Nasrin hiyo, mwanangu wa kumzaa, asiambiwe nani, Nasrin huyuhuyu aliyesoma kwenye simu akaniambia kuna watu, mama, kila kitu lazima wakifanye wao, tena sawasawa, mpaka kazi yenyewe haiishi, nikamwambia aliyeandika hayo hajawahi kung'ata jiwe mbele za watu, akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi... mara ya nne sasa huu mchele, na hiyo harufu, bizari, mdalasini, hiyo ni pilau, tena inakaribia kuiva, wanapika nini hao na mchele ninao mimi, hapa mapajani, mchele ninao mimi... ah. Wamenipa sinia la kunishughulisha, nikimaliza wananirudishia vijiwe, njama, ndani ya nyumba yangu, nilijua tu, nilijua, nitainuka sasa hivi niwaulize... na wale wa Mlingotini mwaka jana, walikaa sebuleni tangu adhuhuri, mimi nachambua, nachambua, mpaka ikaadhiniwa alasiri, wakaaga bila kula, hawakurudi tena, na Nasrin hakunilaumu hata neno, alikunja kanga zake mpya akaziweka sandukuni, nami nikaenda nikazikunjua nikazikunja upya kwa sababu pembe hazikukutana, Ya Rabi, mwanangu analia chumba cha pili na mimi nanyoosha pembe... "Hodi hodi!" wageni hao, wamefika, na Nasrin anachungulia mlango wa jikoni, jasho usoni, jicho lake kwenye sinia, "Mama, bado?" sauti inamtetemeka, ananiogopa, mtoto wangu ananiogopa, na kijiwe chekundu ninacho mkononi, kinanichoma, mchele wote mweupe, hakuna hata chuya, "Bado kidogo, mwanangu, nyie endeleeni," anapumua, anageuka, nami nakirudisha kijiwe katikati ya sinia, mwenyewe, kwa mkono wangu, halafu naanzia upande wa kulia, kama kawaida.