Koti Lisilopitisha Maji

Siku Baba Pacha alipoingia na koti lile, mkewe hakuuliza limetoka wapi. Aliuliza bei. Na Baba Pacha, ambaye miaka kumi na tisa ya ndoa haikumfundisha kudanganya, akaitaja bei yote kama ilivyokuwa.

Ilikuwa bei ya cherehani ya umeme. Si ya mtumba, mpya kabisa. Mama Pacha alikuwa akiiomba tangu pacha wao wako darasa la kwanza. Sasa pacha walikuwa bwenini, ndevu zinawaota, naye bado anakanyaga kwa miguu.

"Rudia," alisema.

"Umenisikia."

"Nimesikia, ila nilidhani umekosea. Koti moja?"

"Koti la kuwindia. Halipitishi maji, halipigi kelele ukitembea, halina uzito."

"Halina uzito kwa sababu halina kitu. Umeuziwa upepo, Baba Pacha."

Haya yote yalisemwa kwenye chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa karakana ya Mama Pacha: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, pasi pembeni, na benchi la wateja ukutani. Benchini alikuwa amekaa wifi yake, dada wa Baba Pacha, mwanamke aliyekuja kila alasiri "kumsaidia" na ambaye hakuwahi kushika hata pini.

"Kaka kaona mbali," alisema wifi. "Mwaka jana ilibaki kidogo tumzike."

Hapo ndipo palipokuwa na donda. Baba Pacha aliajiriwa na ushirika wa wakulima wa viazi kuwinda nguruwe mwitu, wale wanaoshuka kutoka msitu wa juu na kufukua shamba zima kabla mwenyewe hajaamka. Kazi yake ilikuwa kulala kifudifudi kwenye majani siku mbili, siku tatu, huko mlimani ambako baridi haina adabu. Mvua za mwaka uliopita zilimrudisha amebebwa. Nimonia. Siku kumi na moja hospitali, na nne za kwanza hakuna aliyekuwa na uhakika kama atapona.

Koti alilokuwa amevaa lilishonwa na mkewe. Turubai nje, blanketi ndani, mshono wa kumshinda mvaaji kwa umri. Lilikuwa koti zuri mpaka liloe. Muuguzi alilitundika dirishani, likachuruzika hadi kesho yake mchana, na Mama Pacha alikaa pale kwenye kiti cha wageni akilitazama likichuruzika. Baba Pacha hakuwahi kulitaja koti. Daktari hakulitaja. Ila wifi, mara moja tu, pale mlangoni, alisema, "Koti zito namna hii, hata punda angeugua." Alisema akaenda zake kununua chai. Mama Pacha aliyameza maneno yale na hayakushuka hadi leo.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ugomvi ulikuwa wa bei tu. Kila alipolitazama koti jipya, Mama Pacha alisikia likisema: koti lako lilitaka kumuua. Alilichukia kama mke mwenza.

"Tazama basi," alisema Baba Pacha, akachota kikombe cha maji na kuumwagia mkono wa koti. Maji yakakusanyika matone matone, yakateleza, yakaanguka sakafuni. Kitambaa kikabaki kikavu. Akatabasamu.

"Hata mfuko wa nailoni haupitishi maji," alisema mkewe. "Ungenunua mmoja mkubwa, ukatoboa pa kupitisha kichwa, chenji ukaniletea mimi."

Hata wifi alicheka kabla hajakumbuka yuko upande gani. Baba Pacha hakucheka. Alilitoa koti la turubai kwenye msumari wake wa siku zote, akalitupa nyuma ya mlango, akatundika lile jipya mahali pake. Nyumba ikawa na baridi wiki nzima. Chakula kiliwekwa mezani bila neno na kililiwa bila neno.

Siku ya mkutano wa ushirika, Baba Pacha aliondoka mapema, na wifi akamfuata kaka yake ili asipitwe na umbea. Saa sita mchana Mama Pacha akafunga mlango, akalishusha koti, akalilaza mezani na kuchukua wembe wa kufumulia.

Mtu mwingine mwenye hasira angelichoma kwa pasi. Yeye alikuwa fundi, na fundi hana hamu kubwa kuliko ya kufumua kazi ya fundi mwenzake aone kaficha nini. Alitaka kuona bei ya cherehani ya umeme imeingia wapi humo. Akikuta takataka, atamwita mumewe, atamwita wifi, atawaonyesha kwa kidole.

Aliligeuza ndani nje. Kila mshono ulikuwa umefunikwa kwa tepu nyembamba, imegandishwa kwa joto, haina hata uzi mmoja. Akapitisha wembe chini yake, akaibandua kutoka kila bega hadi kiunoni. Chini ya tepu kulikuwa na mshono wa kawaida, mwepesi, wa mtu mwenye haraka. Akaufumua nao. Ndani hamkuwa na manyoya, hamkuwa na pamba, hamkuwa na chochote ila ngozi mbili za kitambaa zilizobandikwa pamoja.

"Upepo," alisema peke yake, akacheka kwa sauti. "Nilisema mimi."

Lakini kucheka peke yako hakunogi, na kadiri alivyolitazama koti limefumuliwa ndivyo alivyoona kwamba hana la kuonyesha. Ataonyesha nini? Kwamba ni jembamba? Mumewe alijua ni jembamba. Akaamua kulirudisha kama lilivyokuwa.

Akalishona, na mshono ukatoka mzuri kuliko wa kiwandani, hilo mtu asimnyime. Uzi mzito, hatua fupi fupi, na kila mwisho akarudi nyuma mara tatu, akaivuta ncha kwa ndani na kuifunga fundo, kama alivyofundishwa na mama yake na kama alivyofanya kwenye kila nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake. Kisha akairudisha tepu kwa pasi. Mahali pengine ilishika. Mahali pengine ilijikunja kama ngozi ya maziwa.

Akachukua kikombe cha maji, akamwaga begani, akachungulia ndani.

Kukavu. Akashusha pumzi. Halafu likatokea tone moja, dogo kama kichwa cha pini. Likatokea la pili. Kisha ukaja msururu mzima, yamejipanga sawasawa na njia ya sindano yake, tundu kwa tundu.

Mama Pacha aliyafuta kwa kitambaa. Alilikausha koti, akalitundika, akafungua mlango. Nitamwambia akirudi, alijisemea. Baba Pacha akarudi na kicheko, kwa kuwa ushirika ulikuwa umemwongezea kazi hadi mwisho wa mvua. Nitamwambia asubuhi, alijisemea tena.

Asubuhi wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima. Baba Pacha alikuwa anafunga kamba za viatu, bunduki imeegemea ukuta, koti jipya mgongoni. Wifi alikuwa amekuja kumuaga.

"Baba Pacha," alianza mkewe. "Hilo koti..."

"Nini tena?"

"Chukua na lile la turubai. La akiba."

"Niende nalo nilifanyie nini?" alisema mumewe. "Safari hii nataka kurudi kwa miguu yangu. Lako silitaki hata kwa kukalia."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja, ila macho yalikuwa yanacheka. Na Mama Pacha, maneno yakiwa yamemfika ulimini kabisa, akayarudisha.

"Haya," alisema. "Nenda na upepo wako."

Mvua ilinyesha siku mbili bila kumeza mate. Mama Pacha alishona suruali za shule, akazikosea, akazifumua. Siku ya tatu lilikuja gari la ushirika na mwindaji mwenzake, yule wanayemwita Sharubu, akamshusha Baba Pacha akiwa amemshika kiunoni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Meno yalikuwa yanagongana hata hawezi kusema.

Mama Pacha ndiye aliyemvua. Chini ya koti, kifua kilikuwa kikavu. Mikono mikavu. Ila begani na mgongoni shati lilikuwa limelowa chapachapa, mistari miwili iliyonyooka kuanzia juu hadi kiunoni. Hakuhitaji kuambiwa ni mistari ya nini. Alimkanda kwa maji moto, alimfunika kwa kila kilichoweza kufunika ndani ya nyumba ile, alimwita daktari wa zahanati, na kila mgonjwa alipokohoa roho ilimruka. Yeye ndiye aliyeomba kwa siku nne, kimya kimya, apewe mume wake naye hatasema tena neno juu ya koti lolote.

Akapewa. Siku ya tano Baba Pacha aliketi, akanywa uji, na mbele ya dada yake akasema maneno ambayo mkewe alikuwa akiyasubiri tangu hospitali.

"Mama Pacha, umeshinda. Ulisema kweli tangu mwanzo. Lako likiloa, linaloa lote, unajua umeloa. Hili limeniibia. Nimetapeliwa, nami nikakutukana wewe."

"Yameisha," alisema mkewe. Uso ulimwaka kama ameliinamia jiko.

"Hata mimi, wifi, nisamehe," alisema wifi, na lile lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyetarajia kulisikia duniani. "Nilikuwa na mdomo."

"Jamani, yameisha!"

"Hayajaisha," alisema Baba Pacha. "Koti linarudi dukani, na pesa zangu zinarudi hapa. Nitakununulia cherehani yako."

Mama Pacha alijaribu kila njia. Alisema nauli itakula faida. Alisema wenye maduka hawarudishi. Alisema apumzike kwanza kifua. Kadiri alivyomzuia ndivyo mumewe alivyomwona mke mwema asiyetaka makuu, na Jumatatu wakaenda wote watatu.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Alimsikiliza Baba Pacha akifoka mbele ya wateja hadi akamaliza. Alisikia "wezi," akasikia "mlitaka kuniua." Kisha akavaa miwani, akaligeuza koti ndani nje na kulitandaza juu ya kaunta.

"Nani amelifumua hili?"

"Nani alifumue? Ni lenu hivyo hivyo!"

"Mzee, njoo uone mwenyewe." Alipitisha ukucha kwenye tepu iliyojikunja. "Hii imebanduliwa. Na uzi huu si wetu, ni wa kushonea turubai. Kila sindano ikipita ni tundu, na tundu likishapatikana, koti kama hili halina dawa. Wa kiwandani hushona kwa hatua ndefu, halafu hufunika. Huyu kashona fupi fupi. Fundi mzuri huyu, sikatai. Angalia alivyomalizia: karudi mara tatu, fundo kwa ndani."

Baba Pacha aliinama kutazama. Aliinama kwa muda mrefu. Alikuwa amevaa shati lenye mshono ule, suruali yenye mshono ule, na siku ya ndoa yake alivaa suti yenye mshono ule. Wifi alinyoosha shingo, akaangalia koti, akamwangalia wifi yake, akaziba mdomo kwa kiganja, na safari hii macho hayakuwa yanacheka.

"Ni mimi," alisema Baba Pacha. Sauti ilikuwa ndogo. "Nililichana kwenye mwiba, nikalipeleka kwa fundi. Nilisahau. Samahani, mama."

Akalikunja koti akaliweka kwapani. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, peke yake. Wifi alishuka kwenye kituo chake bila kuaga.

Walipofika, Baba Pacha alisimama katikati ya karakana, mlango wazi nyuma yake. Nje manyunyu yalikuwa yameanza.

"Ulitaka nini?"

"Kuona ndani kuna nini."

"Sikuulizi kufumua. Hasira naijua, hata mimi ninayo. Nakuuliza asubuhi ile. Nilipokuwa nafunga viatu. Ulijua linavuja?"

Mama Pacha angeweza kusema hapana. Hakuna aliyemwona na kile kikombe. Alifungua mdomo alitaje hilo hapana, na mumewe alikuwa akimtazama kama mtu anayeliomba.

"Nilijua," alisema. "Nilitaka kukwambia. Ukasema lile neno."

"Neno."

"La kukalia."

Baba Pacha alitikisa kichwa polepole. Akaliweka koti juu ya meza ya kukatia. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, kwa utulivu wa mtu anayejiandaa kulala. Akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya koti. Akabaki na fulana ya dukani. Akakohoa kikohozi chake kilichobaki, akapita mlangoni.

Mama Pacha alilichomoa koti la turubai nyuma ya mlango, akamkimbilia barabarani.

"Baba Pacha! Kifua chako! Vaa hili, nakuomba, vaa tu ufike unakokwenda!"

Alisimama. Aligeuka, akalitazama koti, akaitazama mikono iliyolishika. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na fulana imeshamganda mwilini.

"Afadhali mvua," alisema, akaendelea na safari yake.