Mikono ya Dada kwenye Nta

Dada alichovya mkono wa kulia mara ya tatu, akauinua. Nta ikachuruzika kwenye vidole vyake na kuganda, mkono ukawa mweupe mpaka kwenye kifundo kama umevishwa glovu. Hakusema neno. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja ndani ya kandambili, lakini hakusema neno. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na taulo begani, na nilifurahi. Nilijiambia, leo angalau amejikaza kisabuni. Furaha ile ndiyo inayonirudia hadi leo, kuliko hata yaliyofuata.

Alikuwa amehamia kwangu mwaka mmoja kabla ya mchana ule, akiwa na sanduku moja, mfuko wa dawa na mikono iliyovimba. Kwa miaka ishirini alikuwa msusi, na si msusi wa kubahatisha. Wanawake walimngoja yeye kwenye benchi la saluni saa nzima huku wasusi wengine wakipiga miayo. Kisha baridi yabisi ikamwingia kwenye vifundo vya vidole, ule ugonjwa ambao mwili hugeuka adui wa viungo vyake wenyewe, na mwenye saluni akamwambia aende kwanza akapumzike. Mimi ndiye mdogo wake. Nilibaki kwenye nyumba ya marehemu mama pamoja na karakana yake ya mishumaa iliyo uani, na nikisema kweli, nilipomwona mlangoni na sanduku lake nilimhurumia na kumcheka moyoni kwa wakati mmoja. Ni yeye aliyekuwa akisema, tulipokuwa wasichana, kwamba nta ni kazi ya watu wasio na vidole vya maana.

Wiki za mwanzo nilikuwa mtu mwema. Kila asubuhi nilimpelekea beseni la maji ya vuguvugu, akaloweka mikono mpaka vidole vikubali kukunjika. Tulizungushia vitambaa kwenye mpini wa kijiko, wa kisu na wa mswaki, ili vinenepe na asilazimike kuvikaza. Tulishona kifuko cha kitambaa, tukakijaza mchele, tukawa tunakipasha juu ya kikaango na kumwekea mabegani. Siku viungo vilipokuwa vyekundu na vya moto, tuliacha joto na kumfunga kitambaa cha maji baridi. Mwenyewe aligundua kwamba bomba hufunguka kwa kiwiko na mlango kwa nyonga, na alinionyesha ujuzi huo kama mtoto anayeonyesha meno mapya.

Kilichoniponza ni saa. Asubuhi Dada hakuweza kufunga kifungo cha blauzi. Ikifika saa saba mchana, huyo anamenya viazi na kucheka na majirani. Nikawa najiuliza, ugonjwa gani huu wenye ratiba? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa mzima kama jiwe la kusagia. Nikaanza kuona anatia chumvi. Kila alipolia kwa sababu ya kikombe au ufunguo, nilimjibu kwa mzaha, na mwisho nikambandika jina, Bi Uwii, nikawa namwita hivyo hata mbele ya wateja. Wateja walicheka. Naye alicheka pamoja nao, kicheko cha mtu anayekaa kwa watu.

Nieleze pia habari za mikono yangu mimi. Mtu aliyekulia kwenye nta hahitaji kipimajoto. Mama alinifundisha kuchovya kidole kimoja, kuhesabu mpaka tatu na kusema kama nta iko tayari, na tangu hapo nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka thelathini. Ncha za vidole vyangu zimekomaa kama visigino. Nilikuwa nikiinua sufuria jikoni bila kitambaa, na nikijigamba kwa hilo. Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba nta isiachwe hata kidogo ifanye utando juu. Nta yenye utando haiushiki utambi vizuri, mshumaa hutoka na mabonge, mteja anarudi kukutukana. Ukiuona utando, unauvunja, unakoroga, unairudisha sufuria motoni. Mkono hufanya hivyo wenyewe, kama vile jicho linavyopepesa.

Aliyetuingiza kwenye dawa ya nta alikuwa nesi, jirani yetu wa nyumba ya mbele, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kliniki ya viungo. Siku moja alipita uani akamkuta Dada ameinyoosha mikono juu ya mvuke wa sufuria yangu.

"Nyie mna mali hapa halafu mnaota mvuke!" akasema. "Sisi kule kliniki watu wanapanga foleni kwa ajili ya nta."

Akatufundisha. Nta ichanganywe na mafuta ili iwe laini, iyeyushwe, itolewe motoni, iachwe. Ikifanya utando juu, hapo ndipo wakati wake, si kabla. Mkono uingie na kutoka mara tano sita, ufungwe mfuko wa plastiki na taulo, ukae nusu saa. Siku viungo vikiwa vya moto, hakuna nta.

"Na usipime kwa vidole hivyo vyako," aliniambia. "Tafuta kipimajoto, au dondoshea tone moja hapa, upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake mwenyewe. Zile dawa anazomeza zimeifanya ngozi yake nyembamba."

"Nesi, na wewe!" nikamcheka. "Nta unanifundisha mimi?"

Hakucheka. "Nta unaijua. Ngozi yake huijui."

Nilichukia kuambiwa hivyo kwenye karakana yangu mwenyewe. Lakini mwanzoni nilifuata kila alichosema, isipokuwa kipimajoto, na nta ilifanya kazi yake. Dada alipovuliwa ile glovu nyeupe, vidole vilitoka vimelainika, vinang'aa kwa mafuta. Jioni moja alinikalisha kwenye kigoda akanisuka mistari miwili, polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilihisi pumzi yake utosini na nikatamani kulia. Alikuwa ananisuka hivyohivyo kabla sijaenda shule, enzi ambazo mama alikuwa na nta na yeye alikuwa na mimi.

Habari zikamfikia mwenye saluni. Akatuma ujumbe kwamba kiti cha Dada bado hajampa mtu, ila mwisho wa mwezi aje asuke kichwa kimoja mbele yake, mwanzo hadi mwisho, siku hiyohiyo. Akikimaliza, kiti ni chake. Dada alisoma ujumbe ule mara nne. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliniambia kwamba hakuna kitu duniani alichokitaka zaidi ya kurudi kusimama nyuma ya kile kiti na kuambiwa na mteja, "Leo nisuke unavyojua mwenyewe." Basi tukaongeza nta, asubuhi na alasiri.

Zilipobaki siku tano, alinifuata karakanani nikiwa nimebanwa na kazi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu jana yake na watu walikuwa wanagonga geti kutaka mishumaa.

"Leo viungo vina moto, mdogo wangu," alisema. "Tuiache nta leo."

Jana yake alikuwa amelalamikia mgongo. Juzi yake, magoti. Nilitupa fungu la tambi mezani.

"Kila siku hadithi mpya! Wewe hicho kiti hukitaki, unataka kudekezwa tu. Nimechoka, Dada. Nimechoka kusikia unaumwa. Kuanzia leo kama hufi, usiniambie."

Aliniangalia kidogo. "Haya," akasema, akaondoka.

Ukimya ulioingia nyumbani baada ya hapo ulikuwa wa ajabu, na aibu yangu ni kwamba niliupenda. Hakuna aliyelia kwa sababu ya kikombe. Hakuna aliyeniita asubuhi. Mara moja nilipita mlangoni pake saa tatu nikamkuta amekaa kitandani, blauzi wazi, mikono mapajani, anangoja tu vidole vyake viamke. Aliponiona alijifunika kwa khanga na kutabasamu. Siku nyingine nilikuta sakafu ya jikoni imelowa na birika limelala chini. Alikuwa anapangusa maji kwa mguu, amekanyaga tambara, uso umemkauka. Nilimwuliza kama ameungua, akasema hapana. Nilipita. Wateja walikuwa wanagonga.

Siku ya tatu ya ukimya ule niliyeyusha nta yake kwenye sufuria ndogo, nikatia mafuta, nikaitoa motoni nikaiweka kando ipoe. Nilifanya sawasawa mpaka hapo. Nikaitwa getini, nikauza, nikabishana na mteja aliyetaka mishumaa mirefu zaidi, nikarudi mbio. Utando ulikuwa umeshatanda juu ya sufuria, mwembamba, mzuri, kama alivyoeleza nesi. Ilikuwa tayari. Nami, kichwa kikiwa bado getini, nikauvunja ule utando kwa mwiko, nikakoroga, nikairudisha sufuria motoni.

Nikakata tambi. Sijui kwa muda gani. Kisha nikaitoa, nikachovya kidole, nikahesabu mpaka tatu. Niliona ni vuguvugu tu.

"Tayari, Dada."

Alikuja akakaa kwenye kigoda. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimewiva. Niliviona, na sikuuliza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimemkataza kujibu. Akachovya. Ile mara ya kwanza mabega yake yalipanda mpaka masikioni, na akabaki hivyo, macho kwenye ukuta. Akachovya ya pili. Ya tatu nimeshaieleza. Alichovya mara tano zote. Nikamfunga mfuko wa plastiki na taulo juu yake, nikaibana vizuri ili joto lisitoke. Wakagonga geti tena.

"Wa kushoto baadaye," nikamwambia, nikaenda.

Niliporudi baada ya nusu saa alikuwa amekaa vilevile. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Mdomo wa chini ulikuwa na damu pale alipokuwa ameung'ata. Nilifungua taulo, nikafungua mfuko. Siku zote nta ile huvuka nzima, kama soksi. Mara hii niliivuta kidogo tu pale kwenye kifundo, nikaona kinachokuja pamoja nayo, nikaacha.

"Dada! Mbona hukusema?" Nilikuwa napiga kelele, mimi niliyemkataza kelele. "Mungu wangu, mbona hukusema?"

Aliutazama mkono kama ni kitu alichoachiwa na mtu amshikie.

"Nimesema mwaka mzima," akajibu.

Nesi alikuja mbio bila viatu. Aliuweka mkono chini ya maji ya bomba, akaushikilia hapo muda mrefu, akaufunika, akapanda nasi gari hadi hospitali. Njia nzima nilimsubiri aniambie, si nilikukanya? Hakusema. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi sikutaka pole. Nilitaka mtu mmoja tu anitukane. Daktari alipouliza ilikuwaje, nilifungua kinywa, lakini Dada akaniwahi.

"Niliteleza," alisema. "Nilikuwa napita karibu na jiko, nikateleza."

Mwisho wa mwezi ulimkuta kwenye bandeji. Alimtumia mwenye saluni ujumbe kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, kwamba kiti ampe mwingine. Mimi nilijitolea kumwandikia, akasema ataweza. Ngozi ilirudi baada ya miezi. Kidole cha mwisho na cha pete havikunyooka tena, vimelala kwenye kiganja mpaka leo, na hakuna mtu anayesuka kwa vidole vitatu.

Tunaishi pamoja bado. Nta haitaki, wala simlaumu. Kila asubuhi nampelekea beseni la maji ya vuguvugu, na kwanza natumbukiza kipimajoto mbele yake, namsomea namba. Nampaka marhamu, namfunga vifungo. Jina lile sijalitamka tena, na mteja mmoja mzee aliyelikumbuka nilimfukuza getini.

"Maji yanakuunguza?" namwuliza.

"Hapana."

"Yamepoa sana?"

"Hapana, yako sawa."

"Unaumwa, Dada? Niambie tu."

Hapo hunigeuzia uso wake mtulivu, uso wa mtu aliyezoea kukaa kwa watu, akanijibu, "Sijambo, mdogo wangu." Nayachunguza macho yake, nayachunguza mabega, nabaki nimepiga magoti na taulo mkononi mpaka maji yanapoa kabisa. Huu ni mwaka wa sita, na hajaniambia tena hata siku moja kwamba anaumwa.