Anga la Skelderby

Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, Avis Thornber alikuwa amepiga magoti peke yake ndani ya kanisa la Mtakatifu Oswaldi, na wala hakuwa akisali. Alikuwa anapima. Mbele ya uzio wa madhabahu, pale watu wa Skelderby wanapopokea Ushirika, ilipangwa mito mitatu mirefu ya kupigia magoti, imedariziwa kwa nyuzi za sufu: Machipuko, Kiangazi na Mapukutiko. Upande wa kusini palibaki mawe matupu. Hapo ndipo ungekaa mto wa nne, Majira ya Baridi, na huo ulikuwa wa Avis.

Kijiji kizima kilijua hivyo. Kila mto ulikuwa na mwenyewe, na herufi ya jina lake imeshonwa kwa chini, mahali asipopaona mtu ila mfagiaji. Mabibi waliodarizi Machipuko na Kiangazi walikwishalala nje, kwenye makaburi ya upande wa mnara. Mapukutiko ulikuwa wa Beryl Kirkup, jirani yake Avis. Hawa wawili walisoma darasa moja, wakaolewa mwaka mmoja, na hawajapatana hata leo kuhusu namna ya kuchemsha kabichi.

Mwanzoni Kasisi Rosalind alitaka theluji na matunda mekundu, kama kwenye kadi za Krismasi.

"Theluji?" Avis alimwambia. "Mpenzi wangu, theluji hapa tunaiona siku mbili, ya tatu ni tope. Mimi nitashona Skelderby."

Akaishona. Shamba lililolimwa likalala wazi, kahawia ya kila namna. Mti ukasimama bila jani hata moja, na kunguru wakagombana juu yake. Maji ya mto wa bondeni yakafurika malishoni, yakatulia kama bati. Baridi mbili alikaa dirishani na sindano. Wageni hulipenda kanisa hilo mwezi wa Juni, mawaridi yanapotambaa mlangoni na maharusi wanapopigwa picha. Avis alilipenda Januari, maua yameisha, pumzi inaonekana, na waliomo ndani ni wenyewe. Akitazama kazi yake alijiona mrefu kuliko mnara, na hakuona sababu ya kujikanya.

Lilibaki anga tu.

Sasa, nyuzi za mto wa namna hii hulazwa zote upande mmoja, kama ngano iliyopigwa na upepo. Beryl hushona kwa mkono wa kushoto, na nyuzi zake hulala kinyume. Kwa miaka mingi Avis hakumwacha apumue.

"Mapukutiko yako yametoka baa, Beryl," alizoea kusema wakipiga magoti bega kwa bega. "Yanatafuta ukuta wa kuegemea."

"Afadhali yangu yamelewa. Wewe umekauka toka ubatizo."

Wiki moja kabla ya Krismasi, Avis alikwenda kanisani amekumbatia matawi mabichi ya kupambia madirisha. Njia ya kaburini ilikuwa imeganda usiku. Mguu ukaenda huku, matawi yakaenda kule, na yeye akaangukia mkono wa kulia. Krismasi ilimkuta na plasta mpaka kwenye kiwiko, na anga limefika nusu.

Kasisi Rosalind alikuja kumwona mara sikukuu zilipopita. Alikunywa chai yake, akageuza kikombe, akageuza tena.

"Avis, askofu anakuja mapema Februari, siku ya kubariki mishumaa. Nilimwahidi mito minne. Nimefikiri, tubariki mitatu, halafu wako tuubariki mwakani."

"Mwakani, Kasisi? Umeniuliza kama nitakuwepo?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema ilivyo. Nataka niuone pale chini kwa macho yangu, nipige magoti juu yake kwa magoti yangu. Na tena, askofu apige magoti kwenye pengo? Jirani zetu wa Ormsthwaite watatucheka mpaka Pasaka."

Kasisi alikohoa. "Beryl angeweza kumalizia."

Avis alitazama nje, kwenye anga lenyewe, la kijivu.

Siku iliyofuata Beryl aliingia kwa mlango wa nyuma, kama kawaida yake, bila kubisha, na keki ya zabibu kavu na kipande cha jibini.

"Nimesikia umekataa," alisema akivua koti.

"Sijakataa. Nimenyamaza."

"Kwako wewe kunyamaza ni ugonjwa. Tena wa hatari." Akakata keki. "Sikiliza, mwenzangu. Mimi siwezi kushona upande wako. Nimewahi kujaribu nilipokuwa msichana, mwalimu akanifungia mkono wa kushoto kwenye kiti, na nilichoshona hata mbwa asingekilalia. Nikilimaliza anga hili, nusu yake italala kwangu. Kila mtu ataona. Basi amua. Unataka mto usio na kasoro kabatini, au huu wetu kanisani?"

"Wetu?"

"Umenisikia."

Avis alitafuna polepole. Alifikiri juu ya kabati: kitambaa kimekunjwa, nondo wanakizunguka, wajukuu wanauliza hiki ni nini. Tena alifikiri jinsi atakavyoitazama ile nusu ya anga kila Jumapili mpaka afe. Ilimuuma kweli. Mwishowe alisukuma kikapu cha sufu kwa mkono wa kushoto.

"Kijivu kile cha kwanza," alisema. "Si hicho! Hicho ni cha kunguru."

"Nina macho."

"Huna. Uliwahi kumsalimia mtumishi wa posta ukidhani ni mumeo."

"Nilijua si mume wangu. Huyu alikuwa ameoga."

Januari yote walishinda dirishani hivyo, mmoja anadarizi, mwingine anachagua rangi na kulalamika. Beryl alipochoka, Avis alimchemshia chai. Wiki ya mwisho Avis aliomba abaki na mto siku moja peke yake, eti aupige mvuke unyooke. Beryl alimtazama kwa shaka, akaenda zake.

Siku ya mishumaa ilifika na baridi kavu. Kanisa lilijaa, hata watu wa Ormsthwaite walikuja, wamevaa vizuri kupita kiasi. Mto wa nne ulikuwa mahali pake. Asubuhi hiyo Avis hakutaka kuutazama. Alikaa kitini na plasta yake, akisubiri aibu.

Jua la kiangazi hupita juu ya paa la Mtakatifu Oswaldi likaenda zake. La baridi hutambaa chini, na wakati wa Ushirika huingia kwa dirisha la kusini. Avis alijua hilo toka utoto, ila hakulikumbuka siku zote alizoshona. Watu walipoanza kusimama, mwanga ukaingia, ukaanguka moja kwa moja juu ya mto wake.

Nusu ya anga iliwaka. Nusu ya pili ikabaki nzito na nyeusi kidogo, na kati ya hizo mbili palikuwa na mstari, sawasawa na ule unaosimama juu ya malisho theluji inapokuja kutoka baharini. Sufu ilikuwa ile ile, rangi ile ile. Tofauti ilikuwa nyuzi zilivyolala. Bwana Aldous Scrivelsby, mfugaji wa kondoo asiyesifu kitu ila kondoo, alisimama mbele ya mto huo akasahau kupiga magoti.

"Hilo ni anga letu," alisema kwa sauti, katikati ya ibada.

Baadaye, kwenye chai, askofu alimwendea Avis. "Bibi Thornber, umeupataje mwanga ule?"

Watu waligeuka kusikiliza. Avis alinyoosha mgongo.

"Nusu inayowaka ni ya Beryl Kirkup," alisema. "Ni mkono wake wa kushoto. Mimi ningeshona peke yangu, askofu, ungeona kijivu tu."

Beryl akawa mwekundu mpaka shingoni, akashika buli ambalo halikuwa na chai.

Watu walipotawanyika, wawili hao walibaki kukusanya vikombe. Beryl alirudi mbele ya madhabahu, akainama kwa kuguna, akaugeuza mto aone chini. Avis akapiga magoti kando yake. Palikuwa na A, nadhifu, ya zamani. Kando yake palikuwa na B kubwa, imepinda, kama iliyoshonwa na mtoto.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi. Mkono wa kulia si umefungwa?"

Beryl alisogeza uso karibu, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya nyuzi. Akacheka mpaka akalazimika kushika uzio.

"Avis Thornber! Zimelala upande wangu!"

"Najua."

"Zimetoka baa!"

"Najua, nimesema. Lete mkono uniinue, magoti yamekufa."